Neno ni lile lile, maana si ile ile



Juma hili sina habari ya bei ya sukari wala ya foleni za barabarani. Nina barua. Imeandikwa na mama mmoja mkazi wa hapa Dar es Salaam, ambaye ameomba jina lake tulihifadhi. Anasema jirani yake, Mwislamu, amefiwa na mumewe. Tangu siku ya mazishi jirani huyo haonekani sokoni wala harusini, hajipambi, na kwenye mikutano ya kikundi chao cha kuweka na kukopa hafiki. Wanakikundi wameanza kunong'ona. Mmoja kasema mjane amefungiwa ndani na mashemeji. Mwingine kasema anakimbia deni. Wa tatu ametoa hoja kwamba jina lake lifutwe na akiba yake izuiwe. Mwandishi wa barua anauliza: nasikia yuko eda, mimi ni Mkristo, hiyo eda ndiyo kitu gani? Na kwa nini hakutuambia?

Swali hili nimelipenda, kwa sababu ni la watu wengi ambao hawathubutu kuliuliza. Katika miji yetu tunaishi nyumba moja yenye vyumba sita, tunachota maji koki moja, watoto wetu wanakaa dawati moja. Tunazikana na kuozana. Lakini mambo ya dini ya mwenzako unayajua kwa kusikia sikia tu, na la kusikia sikia aghalabu huja na chumvi ndani yake.

Kwa hiyo leo nitafafanua maneno machache ya Kiislamu kwa yule anayeanza. Nitoe tahadhari mapema: mimi ni mtangazaji, si shehe. Sihubiri, wala sishindanishi dini na dini. Nayafafanua maneno kama ambavyo ningeyafafanua maneno ya bajeti. Mwenye kutaka hukumu ya jambo lake mwenyewe, aende kwa wenye elimu hiyo.

Uislamu si mgeni katika pwani yetu. Msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, una maandishi yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, ambao ni sawa na mwaka 1107. Kwa karne zote hizo maneno ya Kiarabu yaliingia katika Kiswahili, yakaota mizizi, yakawa yetu sote. Wamisionari walipokuja kutafsiri Biblia waliyakuta maneno ya dini yamekwisha kuwa tayari, wakayatumia. Ndiyo maana Mkristo akienda kanisani Jumapili anasali, anafanya toba, anasikiliza Injili, anatoa sadaka, na mbele yake anaona msalaba na madhabahu. Maneno hayo yote asili yake ni Kiarabu.

Hiyo ni baraka kubwa. Yapo mataifa ambamo watu wa dini mbili hawana hata neno moja la kusemezana juu ya Mungu. Lakini baraka hiyo ina mtego wake. Kwa kuwa neno ni moja, tunadhani na maana ni moja. Wewe unasema, mwenzako anaitikia, kumbe kila mmoja ameelewa lake.

Tuanze na msingi wenyewe. Uislamu una nguzo 5: shahada, sala, zaka, saumu na hija. Hizi ni za matendo. Za imani ni 6: kumwamini Mungu, malaika wake, vitabu vyake, mitume wake, siku ya mwisho, na kadari, yaani makadirio ya Mungu, ya heri na ya shari.

Shahada maana yake ni ushuhuda. Ni kukiri kwa moyo na kwa ulimi kwamba hapana apasaye kuabudiwa ila Mungu mmoja, na kwamba Muhammad ni Mtume wake. Neno hilo ni ndugu wa shahidi na ushahidi, yale tunayoyasikia mahakamani. Vyuo vikuu navyo vimelichukua, kwa sababu cheti nacho kinashuhudia kwamba umesoma. Mimi mwenyewe chuo cha uandishi wa habari kilinipa stashahada, na sikuwa nimesilimu wala kubatizwa siku hiyo.

Sala ni nguzo ya pili, na hapa ndipo maana zinapoanza kuachana. Mkristo akisema "ninasali", huenda amekaa kitandani, amefumba macho, anazungumza na Mungu wake kwa maneno yake. Mwislamu hilo analiita dua, na dua huombwa wakati wowote kwa lugha yoyote. Sala kwake ni ibada yenye umbo maalumu: kwanza udhu, kisha kuelekea kibla, kusimama, kurukuu, kusujudu, kwa maneno yaliyowekwa. Kibla ni upande wa Makka, na kwa sisi wa Dar es Salaam Makka iko karibu kaskazini kabisa. Vipindi vyake ni 5: alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi na isha. Kwa hiyo fundi au karani anapoomba dakika 10 za sala ya adhuhuri, asiambiwe "si usali kimoyomoyo hapo hapo ulipo?" Hiyo itakuwa dua. Sala ina mahali pake, maji yake na saa yake.

Sasa tuje kwenye zaka, neno linalotukosanisha pasipo sisi kujua. Katika Biblia zetu za Kiswahili zaka ni fungu la kumi: mtu anapata kipato, anatoa sehemu moja katika kumi. Zaka ya Mwislamu ni hesabu nyingine kabisa. Haihesabiwi kwenye mshahara unaoingia na kutoka, bali kwenye mali iliyokaa. Fedha, dhahabu au bidhaa za biashara zikifikia kiwango kinachoitwa nisabu, zikatimiza mwaka mzima wa mwezi mwandamo mikononi mwake, hapo hutoa asilimia 2.5, yaani shilingi 25 katika kila 1,000. Nisabu hiyo kwa dhahabu ni kiasi cha gramu 85. Kwa fedha ile ya madini ni kiasi cha gramu 595. Mazao ya shambani yana hesabu yake: sehemu ya kumi yakinyeshewa na mvua, nusu ya hiyo yakimwagiliwa kwa gharama za mkulima.

Jambo la pili, zaka ina wenyewe. Kurani imetaja mafungu 8 ya wanaostahili kupewa, wakiwamo mafukara, maskini, waliolemewa na madeni na msafiri aliyekwama njiani. Sadaka ndiyo iliyo wazi: hutolewa na yeyote, wakati wowote, kwa jambo lolote jema, kidogo au kikubwa. Basi kamati ya mtaa ikimwendea mfanyabiashara Mwislamu na kumwambia "toa zaka yako tukarabati daraja", naye akasita, asiitwe bahili. Daraja analiweza kwa sadaka. Zaka ni haki ya watu maalumu, na yeye anaiona kama deni analodaiwa nao.

Saumu ni kufunga. Katika mwezi wa Ramadhani Mwislamu hali, hanywi wala hakutani na mwenzi wake kuanzia alfajiri hadi jua kuchwa. Mlo wa usiku wa manane ni daku. Chakula cha kufungulia ni futari. Mwaka wa Kiislamu unafuata mwezi, una siku kama 354, ndiyo sababu Ramadhani inarudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka, ikatukuta wakati wa joto la Februari, na miaka mingine katika kipupwe cha Julai. Na kwa kuwa mwezi lazima uandame, hutokea wengine wakala Idd leo na wengine kesho. Wapo wanaosema uonekane hapa kwetu, wapo wanaosema ukionekana popote duniani yatosha. Hizo ni rai za wanazuoni tangu zamani, si ugomvi ulioanza jana.

Lakini jambo moja katika saumu linaniuma, nalo ni mzaha wa "kobe". Mjini tumezoea kumtania Mwislamu anayeonekana akila mchana wa Ramadhani. Dini yenyewe imempa ruhusa mgonjwa, msafiri, mzee asiyejiweza, mjamzito na anayenyonyesha wanaohofia afya. Mwanamke aliye katika siku zake si ruhusa tu, amekatazwa kufunga. Siku hizo atazilipa baadaye. Binti wa kazi anayejificha stoo kula kipande cha mkate ili wenzake wa ofisini wasimcheke, anaonewa na watu wasiojua. Na wanaocheka, mara nyingine, ni Waislamu wenzake.

Hija nitaipita upesi. Ni safari ya Makka katika mwezi wa Dhulhija, mara moja katika maisha, kwa mwenye uwezo wa afya na mali. Aliyekwenda huitwa Alhaji. Asiyeweza hadaiwi.

Wasikilizaji, nikitoka kwenye nguzo naingia kwenye maneno mawili yanayopendwa sana mitaani: halali na haramu. Wengi tunadhani kwamba Uislamu umegawa dunia mafungu mawili, hili ruhusa, hili marufuku. Wanazuoni wa sheria wameigawa mafungu 5. Kuna faradhi au wajibu, ambalo usipolitenda unapata dhambi. Kuna suna, ukilitenda una thawabu, ukiliacha huna dhambi. Kuna mubaha, ambalo kutenda na kuacha ni sawasawa. Kuna makuruhu, linalochukiza, afadhali kuliacha. Mwisho ndipo inakuja haramu. Kwa hiyo unapomsikia kijana akipaza sauti kwamba kila asilolipenda ni haramu, jua kwamba ameruka vidato.

Tena halali si nyama peke yake. Duka la nyama likiandika "halali" mlangoni linasema habari za uchinjaji. Lakini kuku aliyechinjwa vizuri kwa kutajiwa jina la Mungu, ikiwa ameibiwa, bado ni haramu kwa mwizi. Hali kadhalika fedha ya rushwa, mizani iliyopunjwa, na riba. Neno lile lile linaloangalia kisu cha mchinjaji linaangalia pia mfuko wa mnunuzi.

Tuingie sasa nyumbani, maana humo ndimo maneno yanapouma. Chukueni mahari. Katika makabila yetu mengi mahari ni ng'ombe au fedha anazopokea baba, wajomba na ukoo wa binti. Katika Uislamu mahari ni mali ya bibi harusi mwenyewe. Yeye ndiye mwenye kuyataja, yanaweza kuwa fedha, dhahabu, hata kufundishwa sehemu ya Kurani, na baba hana haki ya kuyatumia bila ya ridhaa yake. Zawadi za wazazi kama kilemba cha baba na mkaja wa mama ni mila za pwani, si mahari. Sasa fikirini familia mbili zinakaa kwenye mkeka mmoja kuozana, mmoja akiuliza "mahari ni kiasi gani?" na mwingine akijibu. Wametumia neno moja, lakini mmoja anafikiria zizi la baba na mwingine anafikiria mkoba wa binti. Ndoa ikivunjika ndipo watakapogundua kwamba hawakusikizana tangu siku ya posa.

Talaka nayo. Si kweli kwamba mwanamume Mwislamu akikasirika akasema neno moja, basi kila kitu kimekwisha. Talaka ya kwanza na ya pili zina rejea: mume anaweza kumrudia mkewe muda wa eda ukiwa haujaisha. Ya tatu ndiyo inayofunga mlango, mpaka mwanamke aolewe na mume mwingine kwa ndoa ya kweli, na ndoa hiyo nayo iishe. Mke naye ana njia yake, inaitwa khului, ya kuomba kuachana kwa kurudisha mahari. Na katika Tanzania Bara, kwa mujibu wa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, shauri hupitia baraza la usuluhishi, na ndoa huhesabiwa kuwa imevunjwa kisheria kwa amri ya mahakama. Karatasi ya talaka iliyoandikwa usiku kwa hasira haimalizi haki za mtu.

Hapo sasa ndipo tunapofika kwa mjane wa barua yetu. Eda ni muda wa kungoja baada ya ndoa kwisha. Mtalaka hungoja, kwa wengi, miezi kama 3, kwa hesabu ya tohara zake. Mjane hungoja miezi 4 na siku 10 kwa mwezi mwandamo, yaani siku zinazokaribia 130. Akiwa mjamzito, eda yake huisha anapojifungua. Sababu zake zinaeleweka hata kwa asiyekuwa Mwislamu: ijulikane kama ana mimba na mtoto ni wa nani, marehemu apewe heshima yake, na mwanamke mwenyewe asikimbizwe kwenye ndoa nyingine machozi hayajakauka.

Katika muda huo mjane haolewi wala haposwi waziwazi, hajipambi wala kujitia manukato, na hulala nyumbani kwake. Lakini hakufungwa jela. Wanazuoni wamemruhusu kutoka mchana kwa haja ya kweli: hospitali, mahakamani, na hata kazini ikiwa hana mwingine wa kumlisha, alimradi usiku arudi. Rangi ya nguo, kukaa chumba chenye giza, kukatazwa kusema na watu, hayo ni mazoea ya mahali na mahali. Wengine wameyashika mpaka wakayaona ndiyo dini yenyewe.

Basi mama uliyeniandikia, jibu lako ni hili. Jirani yako hakimbii deni. Na akiba yake ni yake. Hakuna katiba ya kikundi inayoruhusu kumnyang'anya mfiwa. Mtumeni mwenzenu mwanamke aende kumpa pole, apokee mchango wake, ampelekee hesabu. Kuhusu kwa nini hakuwaambia, nadhani sababu ni ndogo kuliko mnavyodhani. Yeye tangu utoto ameishi na neno eda, kwake ni la kawaida kama ugali. Haikumpitikia kwamba kuna mtu asiyelijua.

Na nyinyi waajiri mnaonisikiliza, lipo na lenu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imempa mfanyakazi aliyefiwa na mwenzi wake likizo ya malipo isiyopungua siku 4. Siku 4 na siku 130 haziko karibu. Lakini katikati yake kuna mazungumzo: likizo ya mwaka, zamu ya mchana badala ya usiku, ruhusa ya kuvaa nguo za kawaida badala ya sare zenye mapambo. Mjane akiachishwa kazi kwa sababu bosi wake hakujua neno moja, watoto ndio watakaolipa.

Tuje kwa watu wenye vyeo. Magazetini tunawachanganya sana. Imamu ni yule anayesalisha. Aweza kuwa yeyote anayejua sala na kisomo. Mwadhini anaadhini. Hatibu anatoa hotuba ya Ijumaa. Maalimu na ustadhi ni walimu. Shehe ni jina la heshima kwa mwenye elimu au uzee. Kadhi ni hakimu, anaamua mashauri, na amri yake inatekelezwa pale ambapo sheria ya nchi imempa mamlaka. Zanzibar wapo makadhi wa namna hiyo. Kenya wapo pia, na Katiba yao ya mwaka 2010 imewawekea mipaka: ndoa, talaka, mirathi na hali za watu binafsi, baina ya Waislamu waliokubali kwenda mbele yao. Mufti, kwa upande wake, anaulizwa na kujibu. Jibu lake ndilo linaloitwa fatwa.

Fatwa! Hili neno limeharibiwa jina. Tarehe 14 Februari 1989 Ayatollah Khomeini wa Iran alitoa tamko la kutaka mwandishi Salman Rushdie auawe kwa sababu ya kitabu chake. Magazeti ya dunia yakaliandika neno fatwa kila ukurasa, na tangu siku hiyo watu wengi wanaamini kwamba fatwa ni hukumu ya kifo. La hasha. Fatwa ni rai ya mwanachuoni aliyeulizwa swali. Mtu anauliza: je, mwenye kisukari afunge? Dawa ya macho inafungulisha? Bima inafaa? Akijibiwa, hiyo ni fatwa. Ziko maelfu, nyingi ni za udhu na biashara ndogo ndogo, na mwenye kuuliza anaweza kwenda kwa mufti mwingine akapata rai tofauti. Kadhi anaamuru, mufti anashauri. Mwandishi wa habari asiyejua tofauti hiyo anaweza kutisha mji mzima kwa kichwa kimoja cha habari.

Lipo pia neno madhehebu. Kwa Wakristo madhehebu ni makanisa mbalimbali: Katoliki, Kilutheri, Anglikana na kadhalika. Kwa Waislamu wa Suni madhehebu ni njia 4 za kufahamu sheria: Shafi, Hanafi, Maliki na Hanbali. Mshafi na Mhanafi wanasali safu moja nyuma ya imamu mmoja. Hapa pwani walio wengi ni Shafi. Nje ya Suni wapo Mashia wa makundi yao, kama Waithnaasheri, Maismailia na Mabohora tunaowaona mjini, na wapo Maibadhi, ambao wengi wako Oman na baadhi Zanzibar.

Na sharia? Sisi tumelifanya sheria, tukalitumia hata kwa polisi wa barabarani. Katika asili yake ni njia aliyoiweka Mungu. Ufahamu wa binadamu juu ya njia hiyo una jina lake, ni fiqhi. Ndiyo maana wanazuoni wanakhitilafiana na bado wote wakabaki Waislamu: wanakhitilafiana katika ufahamu.

Nimeliacha mwisho neno zito kuliko yote, jihadi. Asili yake ni kujitahidi. Kiswahili kimechota katika kisima hicho hicho maneno juhudi na jitihada, yale tunayoyaandika kwenye ripoti za shule za watoto wetu. Mwislamu anayepigana na uvivu wake aamke alfajiri, anafanya jihadi ya nafsi. Lakini tusifichane: neno hilo lina maana ya vita pia, na vita hivyo vimewekewa masharti na wanazuoni, kuanzia nani mwenye mamlaka ya kuvitangaza hadi nani asiguswe. Khalifa wa kwanza, Abubakar, anakumbukwa kwa kuwaagiza askari wake wasiue wanawake, watoto wala wazee, na wasikate miti yenye matunda.

Wapo waliolichukua neno hilo wakayatupa masharti yake. Novemba 2014, karibu na Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya, wapiganaji wa Al-Shabaab walisimamisha basi, wakawatenga abiria, na walioshindwa kusoma Kurani wakauawa. Walikufa watu 28. Maneno matakatifu yakageuzwa kipimo cha nani aishi.

Tarehe 21 Desemba 2015, katika eneo hilo hilo, basi jingine likasimamishwa. Wakaambiwa tena: Waislamu huku, Wakristo kule. Safari hii Waislamu walikataa. Wanawake waliwapa wenzao Wakristo vitambaa vya kujifunika, na abiria wakawaambia wenye bunduki wawaue wote au wawaache wote. Mmoja wa waliokataa alikuwa mwalimu Salah Farah, naibu mkuu wa shule, Mwislamu. Alipigwa risasi, akafariki Januari 2016, na taifa lake likamtunuku nishani baada ya kifo chake. Pande mbili katika barabara ile zilitumia dini moja na maneno yale yale. Mimi sina elimu ya kutoa fatwa, lakini kama jihadi ni kujitahidi, kila msikilizaji anaweza kujiuliza ni nani aliyejitahidi siku ile.

Ndugu wasikilizaji, sikuyataja maneno haya ili Mkristo asilimu au Mwislamu ajione mjuzi. Nimeyataja kwa sababu mjini tunakaa karibu karibu, na tukikosana kwa neno hatuna pa kukimbilia. Waswahili wamesema kuuliza si ujinga. Juma hili, ukisikia kwa mwenzako neno unalodhani unalijua, zaka, mahari, madhehebu au jingine lolote, muulize: kwenu nyinyi hili lina maana gani? Muulize kwa adabu, kisha nyamaza usikilize.

Mimi nawatakia juma jema. Tukutane tena siku na saa kama hii. Kwaherini.